Bia Angavu Haikuhitaji Sukari ya Pili

Mliotazama onyesho lile la kutengeneza bia nyumbani mnajua nitaanzia wapi. Kazi ya awali ilikuwa safi: kimea, hopsi, wiki mbili za uchachuaji bila papara, pipa likapozwa siku mbili hadi bia ikang'aa, sukari gramu 6 kwa lita ikachanganywa sawasawa, chupa zikazibwa. Hapo sina neno. Kosa lilikuja siku ya tano. Chupa moja ilifunguliwa, ikatoa mluzi hafifu na povu haba, na hukumu ikatoka papo hapo: bia imeng'aa mno, hamira imekwisha. Vizibo vyote vikang'olewa, kila chupa ya mililita 330 ikatiwa nusu kijiko cha chai cha sukari, zikazibwa upya. Uamuzi ule haukuwa na hata hoja moja ya kuutetea.

Tuuchukue kama ulivyotolewa. Ikiwa hamira ilikuwa imekwisha kweli, sukari ingesaidia nini? Sukari ni chakula cha hamira, na asiyekuwepo halishwi; bia ingebaki bila gesi, ila tamu zaidi. Ikiwa hamira ilikuwepo, basi sukari ya kwanza ilitosha na ya pili ni hatari. Kwa vyovyote vile dawa haikulingana na ugonjwa. Sasa tupige hesabu. Nusu kijiko cha chai ni karibu gramu 2, na gramu 2 ndani ya mililita 330 ni gramu 6 nyingine kwa lita. Kila gramu 4 za sukari kwa lita huongeza takriban ujazo mmoja wa gesi (yaani lita moja ya gesi kwa kila lita ya bia), na bia iliyochachuka kwenye nyuzi 20 hubakiza karibu 0.85. Dozi ya kwanza ilikuwa inaelekea 2.4, kiwango kizuri kwa eli, aina ya bia iliyotengenezwa pale. Dozi ya pili inaisukuma karibu na 4, hata ukitoa gesi kidogo iliyopotea vizibo vilipong'olewa. Chupa nyembamba ya kawaida haikuundwa kwa mzigo huo. Wabelgiji wanaopenda gesi nyingi hutumia chupa nene. Halafu mliona wenyewe punje za sukari zilipotumbukia: povu likafumka na kumwagika shingoni, na lilipotua, hewa ikapata nafasi ya kuingia. Hewa hiyo ndiyo inayoua harufu ya hopsi.

Kilichopotosha ni jicho. Seli ya hamira ina upana wa maikromita 5 hadi 10 tu, na bia inaweza kubeba mamia ya maelfu ya seli katika kila mililita huku ikiangaza kama kioo. Kupoza pipa huangusha hamira iliyo nyingi, hakuimalizi. Tena kazi inayobaki chupani ni ndogo: katika pipa hamira ilikuwa imekwisha kula sukari inayokaribia gramu 80 kwa lita, chupani inaombwa ile 6. Wingi wa hamira huamua kasi, sukari ndiyo huamua kiasi cha gesi. Siku ya tano ilionyesha kasi peke yake, na mluzi ule hafifu ulikuwa ushahidi kwamba hamira iko hai na inafanya kazi.

Watu watanijibu kwamba bia za nyumbani zisizo na gesi zipo, na nyingi zilikuwa angavu. Zipo. Ila chunguzeni sukari yake, jambo ninalolirudia kila mwaka. Mtu amechachua kwenye nyuzi 20, amepoza pipa hadi nyuzi 2, kisha katika kikokotoo cha sukari ya chupani, kwenye nafasi ya joto la bia, anaandika 2. Kikokotoo kinadhani bia imebakiza ujazo wa gesi karibu 1.6, kinampa takriban nusu ya sukari inayotakiwa, na bia inapodorora lawama inaangukia ung'avu. Joto la kuandika ni la juu kabisa lililofikiwa uchachuaji ulipokuwa unamalizika. Wengine huweka chupa kwenye chumba cha baridi, hamira ikasinzia.

Kuna hoja yenye uzito zaidi: watengenezaji wa bia ya Kibelgiji Duvel huongeza hamira wakati wa kujaza chupa. Ni kweli, lakini bia yao hupitishwa kwanza kwenye mashine ya kutenganisha hamira. Aliyechuja kwa chujio laini kabisa, aliyelaza bia miezi mingi, au aliyetengeneza kali ya asilimia 9 na kuendelea, aongeze hamira kidogo, na afanye hivyo kabla ya kuziba. Eli ya kawaida ya wiki mbili haimo katika orodha hiyo. Na cha kuiga kwa Duvel ni subira yao: chupa hukaa ghala lenye nyuzi 24 kwa wiki mbili bila kuguswa. Huko Uingereza, bia ya Worthington's White Shield ya Burton ilijenga jina lake kwa bia angavu iliyolala juu ya utando mwembamba wa hamira, ikimiminwa taratibu ili mashapo yabaki. Wazee wale walijua kwamba ung'avu na uhai hukaa chupa moja.

Kwa hiyo, ndugu mtengenezaji, pima sukari kwa mizani, igawe ndani ya pipa, na jaza chupa moja ya plastiki ya soda pamoja na za kioo. Ziweke kwenye nyuzi 20 hadi 24 kwa wiki mbili, hata tatu. Chupa ya plastiki ikiwa ngumu kama soda isiyofunguliwa, poza moja ya kioo uonje. Na kama umekwisha kutia sukari ya pili, ziingize zote kwenye friji leo, uzifunike kwa kitambaa kizito kila unapozishika.