Watoto 36 kwenye Karatasi Moja

Anayetaka kuipima programu ya kuchora chati ya ukoo asianze na nyumba ya baba, mama na watoto watatu. Hiyo hata mwanafunzi wa darasa la nne ataichora kwa rula. Aipe nyumba ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar aliyefariki baharini mwaka 1856. Binti yake Salme, katika kumbukumbu alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, anasema watoto waliobaki hai baba yao alipofariki walikuwa 36. Mama zao walikuwa masuria waliotoka nchi mbalimbali. Bibi Azza binti Seif, mke wa ndoa aliyekuwa na sauti kuu katika jumba la Mtoni, hakuwa na mtoto. Haya, waweke wote hao ukutani.

Hesabu ya kwanza ni nyepesi. Kisanduku chenye jina na miaka miwili, kwa herufi ambazo mzee atazisoma bila kuazima miwani, kinataka upana wa milimita 25 hivi. Ongeza milimita 5 za nafasi kati ya kisanduku na kisanduku. Zidisha kwa 36, unapata milimita 1,080. Karatasi ya A0 ina milimita 841 kwa 1,189. Ukiilaza, watoto wote wanaingia na ukingo mwembamba unabaki. Wajukuu je? Hapo ndipo ufundi unapoanza, na ni ufundi ninaousifu kwa moyo wote, maana watu wengi wanadhani ukishabonyeza kitufe kazi imekwisha.

Kitufe chenyewe si cha kudharau. Mwaka 1981 Edward Reingold na John Tilford walichapisha makala kuhusu namna kompyuta inavyoweza kuchora miti nadhifu, na kanuni zao unaweza kuzieleza barazani watu wakakuelewa. Wa kizazi kimoja wakae kwenye mstari mmoja. Mzazi akae katikati, juu ya watoto wake. Tawi lichorwe kwa umbo lilelile popote litakapoangukia. Kisha matawi yasogezwe mpaka yakaribie kugusana, ila yasigusane. Kazi ambayo mchoraji wa zamani angeifanya kwa penseli na kifutio, akichana karatasi na kuanza upya kila alipozaliwa mjukuu, leo ni ya kufumba na kufumbua.

Lakini kompyuta inagawa nafasi kwa idadi ya watoto. Aliyezaa sana anapata uwanja, asiyezaa anabanwa kwenye kona. Kwa hesabu hiyo Bibi Azza, ambaye Salme anamweleza kama mtu aliyemwongoza sultani karibu kwa kila jambo, anakuwa kisanduku kimoja pembeni kisichoshusha mstari wowote. Suria ambaye hakuna aliyeliandika jina lake hapati hata hicho. Programu haikukusudia kumdhulumu mtu. Imefuata ulichoijaza, na kwa kawaida tunaijaza majina ya wanaume kwanza, wengine baadaye tukipata nafasi.

Dawa imo ndani ya faili. Programu karibu zote za ukoo zinasoma mfumo mmoja wa maandishi matupu uitwao GEDCOM, uliotolewa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani Wamormoni, mwaka 1984, ili taarifa ziweze kuhama kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Humo familia ni rekodi moja: mume mmoja, mke mmoja, watoto wao. Mwanamume wa wake wengi anapewa rekodi nyingi. Wapo wanaolalamika kwamba mfumo huu haukutengenezwa kwa nyumba za kwetu. Kwa nyumba ya Said mimi naona umemfaa mwandishi kuliko alivyotarajia, kwa sababu unamlazimisha kumpa kila mama sehemu yake. Jilfidan, Mcherkesi aliyemzaa Salme, ana rekodi yake. Mama yake Barghash, mwana mwingine wa Said, alikuwa Mhabeshi; naye ana yake, na kama jina lake huna, andika tu “Mhabeshi” na kisanduku kikae wazi kikimngoja mwenye habari.

Sasa iambie programu mchoro ushuke kupitia kwa mama. Ule mstari mrefu wa watu 36 unakatika vifungu vifungu: Majid na Khaduji tumbo moja, Barghash na Meje tumbo moja, na kadhalika. Karatasi inaanza kusema. Barghash alipoasi dhidi ya Majid, ndugu yake aliyekuwa sultani wa Zanzibar, mwaka 1859, unaweza kuweka kidole juu ya pengo lililowatenganisha. Na papo hapo unaona mwisho wa uwezo wa chati, kwa sababu Salme alikuwa wa tumbo la tatu, alikuwa amelelewa karibu na Majid, na bado akaenda upande wa Barghash. Mambo ya namna hiyo hayana mstari wa kuyachora.

Ndugu wa kunyonya nao hawana mstari. GEDCOM inamtambua mtoto wa kuzaliwa, wa kuasiliwa na wa kulelewa, na hata inayo alama ya ibada ya Kimormoni ya kumfunga mtoto kwa wazazi wake. Mtoto aliyenyonyeshwa na jirani, ambaye kwa sheria ya Kiislamu hawezi kumwoa binti wa jirani huyo, hana pa kukaa isipokuwa kwenye maelezo ya pembeni. Ukiwa unachora ukoo wa pwani, andika undugu huo wa kunyonya chini ya jina kwa herufi ndogo. Umewahi kuzuia posa.

Ukigeuza mchoro, ukaanza kwa mjukuu na kupanda juu, unakutana na ufundi mwingine. Michaël Eytzinger alichapisha mwaka 1590 njia ya kuwahesabu wahenga ambayo programu zinaitumia hadi leo. Mtu mwenyewe ni 1, baba yake 2, mama yake 3. Baba wa yeyote ni namba yake mara mbili, mama ni hiyo hiyo ukiongeza moja. Mchukue Sultan Abdullah bin Khalifa, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1960 hadi 1963. Baba yake, Khalifa bin Harub, ni 2; Harub ni 4; Thuwaini ni 8; Said bin Sultan ni 16. Pitia sasa kwa mama yake, Sayyida Matuka: yeye ni 3, baba yake Hamoud ni 6, Mohammed ni 12, na baba wa Mohammed, namba 24, ni Said yuleyule.

Mtu mmoja, namba mbili. Chati ya feni, ile inayofunguka nusu duara, itamwandika mara mbili na kuendelea na safari yake. Mchoro wa Graphviz, ambao unaweza kuuagiza kutoka ndani ya Gramps, programu huria iliyoanza mwaka 2001, utampa kisanduku kimoja na kuileta mistari yote miwili kwake. Huu wa pili ndio wenye ukweli zaidi. Ila kwa ukuta nachagua feni, na visanduku vyote viwili navipaka rangi moja. Watu waliooana binamu kwa binamu vizazi vitatu wakichorwa kwa mistari inayokutana, karatasi inakuwa wavu uliotupwa chini, na mzee anaacha kuifuata baada ya dakika moja.

Feni ina sifa nyingine ambayo nasaba za kukariri, bin fulani bin fulani, hazina. Nusu yake ni ya mama, utake usitake. Kwenye kizazi cha tano, ukihesabu kuanzia wazazi, kuna nafasi 32, na 16 kati yake ni za wanawake. Zikibaki tupu, zinaonekana tupu, nyeupe kabisa, mbele ya wageni. Sijaona njia bora ya kumfanya mjomba mkimya aanze kuzungumza.

Kuhusu uchapaji nina maneno machache. Ondoa jina la ukoo linalojirudia. Neno “Al Busaidi” likiandikwa mara 36 linakula nafasi ya miaka ya kuzaliwa. Walio hai waambie kwanza kabla hujabandika tarehe zao ukumbini. Programu nyingi zina kitufe cha kuwaficha. Toa faili la PDF, upeleke kwenye duka linalochapa ramani za majengo kwa plota, na usisitize ukubwa uwe asilimia 100, maana mashine ikiachiwa hiari yake hupunguza mchoro ili uingie, na majina yanakuwa mchwa. Kama plota hakuna mjini kwenu, A0 moja ni A4 16: zichape, kata kingo kwa wembe, unga kwa gundi.

Na usiilamineshe. Duka litakushawishi, na kweli plastiki inang'aa na inazuia unyevu wa pwani. Lakini kalamu ya risasi haishiki juu yake. Nakala ya kwanza ichape kwenye karatasi ya kawaida, andika tarehe kwenye kona ya chini, itundike siku ya Idi au ya harusi, na ufunge penseli mbili kwa uzi kando yake. Skrini husomwa na mmoja huku wengine wakichungulia begani. Mbele ya A0 wanasimama watu wanane, wanabishana, mmoja anafuta alichoandika mwenzake, shangazi anachora mshale na kuandika kwamba huyu alikuwa na dada aliyefia Mafia. Dada huyo hakuwa kwenye faili. Ataingia katika toleo linalofuata, na kizazi chake chote kitasogea milimita 30 kulia kumpisha.