Makabati Yamefunguliwa, Nani Atasoma?

Siku hizi ukihudhuria mkutano wowote wa waandishi chipukizi hapa Dar es Salaam, hutakosa kumsikia mtu akitangaza kwa furaha kwamba hazina ya maandiko ya kale ya Kiswahili imefunguliwa kwa umma. Maktaba kubwa zilizokuwa zikizifungia hati hizo makabatini zimezipiga picha na kuziweka kwenye intaneti, na kila mwenye simu na kifurushi anaweza kuzitazama bure akiwa kitandani kwake. Mfano unaotajwa zaidi ni Chuo cha SOAS cha London, chenye hati zilizokusanywa pwani yetu na akina William Taylor, Alice Werner na William Hichens, na ambacho kuanzia miaka ya 2000 kimekuwa kikiziorodhesha na kuzitoa hadharani. Watu hupiga makofi. Na mimi nilipiga.

Leo nataka kuyahakiki makofi yale.

Sisemi haya kwa husuda. Sisi wa kidato cha nne tunajua thamani ya mlango uliofunguliwa, maana mingi tumeikuta imefungwa. Mwaka niliomaliza shule niliingia ofisi moja ya mjini inayotunza kumbukumbu, nikiwa na daftari langu na wazo la riwaya. Dada wa mapokezi aliniuliza, "Unatoka taasisi gani?" Nikamjibu, "Mbagala." Alicheka, tena kwa upole, halafu akaniambia nirudi na barua ya utambulisho. Barua nitaitoa wapi? Mwenyekiti wa serikali ya mtaa angeniandikia kwamba mimi ni mkazi mwema, lakini je, angeniandikia kwamba mimi ni mtafiti? Kwa hiyo maktaba isiyouliza taasisi, inayofunguka saa sita usiku nje kidogo ya mji, kwangu ni jambo kubwa. Asije mtu akasema sikushukuru.

Sasa basi. Nilipoingia humo kwa mara ya kwanza nilitafuta utenzi wa Mwana Kupona, kwa kuwa ndio jina nililolijua. Shuleni Mwana Kupona alikuwa nusu ukurasa katika daftari langu: mtunzi mwanamke wa Pate, utenzi wa mwaka 1858 hivi, mama anayemuusia binti yake, dhamira ni ndoa, ujumbe ni utii, toa maoni yako. Maoni tulipewa na mwalimu: utenzi unamkandamiza mwanamke. Tukayaandika, tukapata alama zetu, tukasonga mbele kwa Shaaban Robert. Hakuna aliyetuonyesha ukurasa wake. Hakuna aliyetuambia kwamba ukurasa upo.

Picha ikafunguka, nikabaki nimeduwaa. Sikuweza kusoma hata neno moja.

Utaniambia, ulitegemea nini? Ulijua kwamba wazee waliandika kwa herufi za Kiarabu. Naam, nilijua, kama ninavyojua kwamba mwezini hakuna hewa. Kulijua jambo na kupigwa nalo usoni ni vitu viwili. Mimi ninayejigamba kijiweni kwamba Kiswahili ni lugha yangu, ninayewasahihisha washikaji wanaposema "hii maneno", nilikuwa nimekaa mbele ya Kiswahili safi cha karne ya 19 kama mtalii. Maelezo ya pembeni nayo, kwa hati hiyo na kwa nyingi nilizozifungua baadaye, yalikuwa ya Kiingereza. Maana yake, katika ukurasa mzima uliohusu lugha yangu, sehemu niliyoweza kuisoma ilikuwa ile ya wageni.

Nikachapisha karatasi tatu kwenye duka la steshenari, nikazipeleka Tandika kwa maalim mmoja aliyefundisha chuo cha Kurani kwa miaka mingi. Shikamoo, marahaba, nikamweleza shida yangu. Alizichukua, akazisogeza mbali, akazisogeza karibu, akatikisa kichwa. Macho hayana nguvu tena. Akamwita mjukuu wake, mtoto wa darasa la tano, akamwambia, "Soma kama unavyosoma chuoni, usiogope." Mtoto akaanza kuitamka silabi moja moja, kwa ile sauti ya kuvuta, bila kuelewa anasoma nini kwa sababu alidhani ni Kiarabu. Na babu, amefumba macho, akawa anazipokea zile silabi, anazigeuza mdomoni, anazirudisha zikiwa Kiswahili. Walipofika mahali ambapo mama anamwambia bintiye aje akae karibu, na wino na karatasi, mtoto alisimama ghafla. "Babu, hii karatasi ni karatasi?" Ilikuwa imeandikwa kwa qafu, kama Waarabu wanavyoiandika. Babu akacheka hadi akakohoa.

Ningetaka mhakiki yeyote wa fasihi awe amekaa pale kwenye mkeka. Mtoto ana macho na herufi, hana maana. Mzee ana maana, hana macho. Mimi ninayejiita mwandishi nilikuwa na simu tu.

Ugumu wenyewe si mdogo, na ni lazima niueleze, maana wengi hudhani kazi ni kubadilisha herufi hii kwa ile kama kubadilisha pesa. Mwandiko wa kale haukuwa na alama ya kila sauti yetu. Kiarabu hakina P, kwa hiyo mwandishi aliweka B. Irabu E na I zilikwenda kwa alama moja ya chini, O na U kwa alama moja ya juu. Ile M au N inayotangulia, kama katika mbuzi na ndizi, mara nyingi haikuandikwa kabisa. Fanya hesabu mwenyewe: pembe, pimbi, bembe na hata bibi zinaweza kutokea sawasawa karatasini! Msomaji wa zamani hakubabaika kwa sababu shairi alikuwa amekwishalisikia. Karatasi ilimkumbusha tu. Na hati nyingi za tenzi zimepangwa hivyo hivyo kwa ajili ya sikio: ubeti mzima katika mstari mmoja, vipande vinne vimetenganishwa kwa alama, pumzi, pumzi, pumzi, halafu kina cha mwisho kinachorudi kama kiitikio. Wachapaji ndio waliotupangia mistari minne iliyosimama kama ngazi. Nimeisoma tenzi kama ngazi tangu kidato cha kwanza, na sasa nadhani ndiyo sababu ilinichosha.

Kumbe basi kila kitabu cha utenzi wa kale tulichosoma kwa herufi za Kilatini ni kazi ya mtu aliyeamua. Aliamua hapa ni pembe, pale ni bibi. Mara nyingi aliamua vizuri. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840 bila kuacha kitabu. Mashairi yake yalikusanywa na Mwalimu Sikujua, Mwafrika wa Mombasa, aliyeyaandika kwa ajili ya Taylor. Karatasi zikaenda Uingereza, na mwaka 1940 Hichens akayachapa diwani huko Johannesburg. Tunasema Muyaka wa Hichens, Muyaka wa Taylor. Mwalimu Sikujua, ambaye bila kalamu yake sehemu kubwa ya mashairi yale ingefukiwa na wazee walioyakariri, shuleni sikumsikia hata mara moja. Hati zilizofunguliwa zina faida hii kubwa kuliko zote: zinawarudisha wanakili. Ukishauona mwandiko wa mtu, anakuwa mtu. Unaona mahali alipochovya upya kalamu, unaona alipokosea akarudia.

Lipo jambo moja linaloniuma zaidi. Mwaka 1892 huko Ujerumani kilichapishwa kitabu cha C. G. Büttner, mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili katika herufi za Kiarabu, kwa ajili ya wanafunzi wa chuo cha lugha za mashariki cha Berlin. Kijana wa Kijerumani aliyekuwa anakuja kututawala alifundishwa kwanza kuzisoma barua zetu. Baadaye alifundisha hapo hata mwenzetu kutoka upande wa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, kuanzia mwaka 1900 hadi 1905. Yaani zaidi ya miaka 130 iliyopita palikuwa na darasa la kusoma hati za Kiswahili mjini Berlin, na mimi mzaliwa wa Temeke nimepita shule ya msingi na sekondari bila kuambiwa hata kwamba alifu inaweza kuanza neno la lugha yangu. Halafu naambiwa hazina ni yangu!

Wala tusiwacheke wenye hazina nyingine. Nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizomo katika Nyaraka za Taifa hapa Dar es Salaam ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, na nyingi ziliandikwa kwa mwandiko wa mkono wa zamani ambao kijana wa Ujerumani wa leo naye hausomi bila kufundishwa. Karatasi inaweza kutunzwa vizuri sana na bado ikanyamaza.

Hapo nije kwenye riwaya, maana ndiyo iliyonipeleka huko kote. Tumezoea kuambiwa kwamba ushairi ni wetu lakini nathari tumeletewa. Kwamba riwaya ya Kiswahili ianzie na *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, 1934, tena kwa malezi ya misheni. Mimi mwenyewe nimewahi kulisema hili mbele ya watu kwa sauti ya kujiamini. Lakini katika maktaba ya kumbukumbu ya Goa, nchini India, zimo barua za Kiswahili kutoka Kilwa, za kuanzia mwaka 1711, zilizofika mikononi mwa Wareno. Ni nathari. Watu wazima wanaandikiana habari za mji wao, wanajitetea, wanapeleka salamu. Mojawapo ilichambuliwa na Sheikh Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl mwaka 1994. Kilwa, bwana! Ile ambayo barabara yake inapita mlangoni kwetu Mbagala, daladala zikipiga honi usiku kucha. Sidai kwamba barua ni riwaya. Nadai kwamba mtu anayetaka kusikia namna sentensi ya Kiswahili ilivyokuwa ikibeba hasira au ombi kabla ya mmisionari na kabla ya afisa elimu, anayo mahali pa kwenda kusikiliza, na sisi hatuendi. Tunawaiga watafsiri, halafu tunalalamika kwamba mazungumzo ya wahusika wetu yana harufu ya sinema.

Mzee J. W. T. Allen, aliyekusanya hati kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani, nadhani aliliona tatizo hili. Orodha yake iliyochapishwa Leiden mwaka 1970 inataja hati za Kiswahili na Kiarabu pamoja na kanda za sauti. Sauti! Karatasi na koo la mtu, bega kwa bega. Maktaba mpya ya Mlimani iliyozinduliwa Novemba 27, 2018 ilijengwa kubeba vitabu 800,000, na ni fahari kuitazama ukipita na daladala ya Makumbusho. Lakini ningempenda zaidi mtu atakayeweka kando ya kila picha ya hati mambo mawili: herufi za Kilatini, hata kama zina alama za kuuliza, na sauti ya mzee akisoma. Maelezo yawe ya Kiswahili. Hilo halihitaji jengo. Pale Tandika lilihitaji mkeka, karatasi tatu na kashata za mtoto.

Kuna wenzangu watakaosema kwamba herufi za Kiarabu ni mambo ya dini, na sisi tunaandika kuhusu mabaa na vijiwe. Nimewasikia. Nawajibu kwamba Muyaka aliimba mapenzi, njaa na siasa za Mombasa katika herufi hizo hizo, na kwamba mpinzani wake hakumwona maalim bali alimwona mtu mwenye ulimi mkali. Wapo watakaosema kazi hiyo ni ya maprofesa. Maprofesa wameifanya na wanaifanya, Mungu awape umri. Lakini profesa hana haja ya sentensi za Kilwa kwa ajili ya riwaya. Mimi ninayo.

Tunakutana kila Jumamosi baada ya adhuhuri. Mtoto sasa anadai shilingi mia tano, na anastahili, kwa sababu ameanza kukisia neno kabla babu hajalitamka. Mimi nimefika herufi ya kumi na tisa. Jumamosi iliyopita tulikwama katika neno moja kwa karibu saa nzima. Kitabu kilichochapishwa kinasema hivi, maalim anasema si kweli, kwao Kisiju wakati wa bibi yake lilitamkwa vingine. Nimeandika yote mawili pembeni mwa karatasi, kwa kalamu ya risasi.