Breki za Mlimani, Breki za Bondeni

Dereva anayeshuka kutoka Tukuyu kwenda Kyela hukutana na maadui wawili wa breki katika safari moja. Juu kuna joto. Barabara inateremka zaidi ya mita 1,000 katikati ya chai na migomba kabla ya kuifikia tambarare, na asiyejua kushuka kwa gia nzito atakanyaga pedali njia nzima. Chini kuna maji. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote inapita katika bonde lile lile la mpunga kuelekea Ziwa Nyasa, na masika yakikolea, njia nyingi za bondeni huwa madimbwi. Breki za dramu huteswa na yote mawili. Zikipata moto, dramu hutanuka na kuziacha shuu zake nyuma. Zikivuka maji, huyafungia ndani pamoja na tope, na mkanyago wa kwanza hauleti kitu.

Kwa hiyo sina ugomvi na mwenye Land Rover ya zamani anayetaka kuifunga diski mbele. Diski iko wazi: upepo unaipooza, na maji yanatupwa pembeni inapozunguka. Range Rover ya 1970 ilikuja na diski magurudumu yote manne, huku ndugu yake Series III, iliyotengenezwa hadi 1985, ikibaki na dramu kila kona. Ugomvi wangu ni na namna kazi hiyo inavyofanywa siku hizi.

Zamani niliijua Land Rover 109 iliyokuwa ikipakia vyungu vya Wakisi. Kina mama wa Ikombe huvileta kwa mitumbwi hadi gulio la Jumamosi la Lyulilo, jirani na Matema, na kutoka hapo vyungu hutafuta njia ya kwenda Ipinda, Kyela, hata Tukuyu. Utingo alivipanga kwa majani makavu ya mgomba, kikubwa chini, kidogo juu, midomo ikitazamana. Mzigo ule haukuwa na subira na breki mbovu. Breki ikivuta kushoto, rundo lote linaegemea kushoto. Ikishika kwa ghafla, utasikia mlio mmoja mwembamba nyuma ya kiti, na mama mwenye mali atanyamaza mpaka mwisho wa safari. Gari lile lilisimama bila kumtikisa mtu. Abiria walimsifu dereva, naye kila mara aliwaelekeza kwa fundi wake pale Kyela mjini.

Fundi huyo nilikuwa nikienda kumtazama tu. Akishabandua lainingi iliyokwisha na kugonga ribiti mpya, hakuirudisha shuu garini. Alichukua chaki ya shuleni, akapaka ukuta wa ndani wa dramu, kisha akaipitisha shuu humo taratibu. Chaki iliposhika, hapo pamezidi; alipiga tupa kidogo, akafuta, akapaka tena. Angeweza kurudia hivyo asubuhi nzima kwa gurudumu moja, mpaka weupe uenee kwenye lainingi kutoka ncha hadi ncha. Kisha alifunga gurudumu na kukaza marekebisho mpaka likatae kuzunguka, akarudisha kidogo, akaweka sikio karibu. Alitaka kusikia mkwaruzo mwepesi sana, na alitaka usikike sawasawa kushoto na kulia.

Kitu kimoja kilimfanya agombe: kopo la mafuta ya breki lililoachwa wazi. Mafuta hayo hunyonya unyevu hewani, na hewa ya Kyela ina unyevu wa kutosha. Yakishanywa maji huchemka mapema kwenye mteremko, mvuke unaingia kwenye bomba, na pedali inazama mpaka sakafuni. “Mwanangu, hili limekufa,” alimwambia kijana wake, akamwaga mafuta ambayo mwenye gari alikuwa ameyalipia, kisha akaenda kununua mengine kwa fedha yake.

Wateja walipoanza kuomba diski, yeye hakukataa. Alianza kwa kuuliza gari linabeba nini na linapita wapi. Diski haina ule msaada wa dramu, ambamo mzunguko wenyewe huivuta shuu ya mbele izidi kujibana. Kwa hiyo mguu unahitaji nguvu zaidi, na Land Rover nyingi za zamani hazikuwa na busta. Kalipa inahitaji mafuta mengi kuliko silinda ndogo za dramu, hivyo masta silinda nayo lazima iangaliwe. Baadhi ya masta silinda za dramu zina vali ndogo inayobakiza shinikizo kwenye bomba. Ukiisahau, pedi hazitaachia, na diski itawaka moto hata kwenye tambarare. Na lazima mbele na nyuma zipatane. Gari likiteremka, uzito wake unahamia mbele. Nyuma ikishika mapema, mkia unakuja pembeni, tena kwenye kona zile za chini ya Tukuyu.

Hayo yote aliyajua kwa sababu alikuwa ameishi na dramu. Aliijua tabia yake mbaya, akajua pia diski inakuja kutibu nini na itadai nini.

Oktoba 2024, kwenye tamasha la Land Rover, Arusha ilijaa magari hayo ya kila umri, yameng’arishwa, na moyo wangu ulifurahi kuyaona yakipendwa hivyo. Lakini mapenzi ya rangi na taa hayamfikishi mtu Matema. Siku hizi nakuta gari la umri wangu limefungwa diski kwa mchana mmoja: kishikio cha kalipa kimechomelewa kwa jicho, masta silinda ni ile ile, upepo umetolewa gurudumu moja tu, na mwenye gari anaambiwa breki zitajikaza zenyewe njiani. Anaamini, kwa kuwa diski inaonekana na ni mpya. Anapakia watu na magunia ya mchele, anapanda kuelekea Tukuyu, na kesho yake atashuka.

Dramu zilizotolewa huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu, zinapimwa kwa kilo pamoja na majembe yaliyochakaa. Nyingi zilikuwa na mkwaruzo tu ambao mashine ya kuchonga ingeuondoa. Vijana wa gereji wanajua kubadilisha kifaa, na wengi wao ni hodari na wana haraka ya kula. Hakuna aliyewapa chaki na asubuhi nzima. Na chini ya magari hayo hayo yaliyowekewa diski mbele, nyuma bado kuna dramu mbili zinazobeba mzigo wa watu, na kila mwaka anapungua mtu wa kuzifungua.