Vigezo vya Kupima Ubora wa Laini ya Aluminiamu Inayolisha Bodi Ndogo ya Umeme

Laini inayozungumziwa hapa ni kebo inayovutwa hewani kutoka bodi kuu ya nyumba hadi bodi ndogo, yaani kisanduku cha pili cha usambazaji kinachohudumia karakana, mashine ya kusaga au nyumba ya uani. Ubora wa laini ya namna hii hupimwa kwa volteji inayofika mwisho wa safari na kwa uimara wa viungo vyake, kwa hiyo fundi anayeridhika kwa sababu tu kebo yake haipati moto atakuwa amejibu nusu ya swali.

Aluminiamu hupendelewa hewani kwa wepesi wake, kwani sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 2.7, ilhali shaba ina karibu gramu 8.9. Hata hivyo uwezo wake wa kupitisha umeme ni kama asilimia 61 ya ule wa shaba, na ndiyo maana kipitishi cha aluminiamu huhitaji eneo la mkato, yaani unene unaopimwa kwa milimita za mraba, la takriban mara 1.6 ya lile la shaba. Anayebadilisha shaba ya milimita 10 za mraba hana budi kuchukua aluminiamu ya 16, na bado mzigo unaoning'inia utakuwa karibu nusu ya ule wa awali.

Kigezo cha kwanza ni upotevu wa volteji, ambao kwa umeme wa fezi moja hupatikana kwa kuzidisha mkondo, ukinzani wa waya na urefu wa njia mara mbili, kwa kuwa umeme huenda na kurudi. Karakana iliyo mita 60 kutoka bodi kuu, inayotumia ampea 40, inatosha kuwa mfano. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60228 kinaruhusu ukinzani usiozidi omu 1.91 kwa kilomita kwa kebo ya 16 na omu 1.20 kwa kebo ya 25, vyote vikipimwa katika nyuzijoto 20. Waya ukipanda hadi nyuzi 70, ukinzani huongezeka kwa takriban asilimia 20, hivyo kebo ya 16 hupoteza volti 11 kati ya 230, na kebo ya 25 hupoteza zisizofika 7. Kanuni za Uingereza za BS 7671, ambazo ni rejeo la mafundi wengi wa Afrika Mashariki, hupendekeza upotevu usiozidi asilimia 3 kwa taa na 5 kwa matumizi mengine, ukihesabiwa hadi kwenye kifaa chenyewe. Kebo ya 16 inaweza kuubeba mkondo huo bila kuungua, lakini imekwisha kula karibu asilimia 5 yote kabla umeme haujaingia hata kwenye bodi ndogo. Mota, ambayo wakati wa kuwaka huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, ndiyo huumbua laini nyembamba: hunguruma bila kuzunguka, na taa hufifia.

Kigezo cha pili ni kebo yenyewe. Kebo nzuri huwa na ganda jeusi la XLPE, plastiki inayostahimili nyuzi 90, na weusi wake ni masizi ya kaboni yanayolikinga na jua. Ganda lake huchapishwa ukubwa, volteji na kiwango kilichofuatwa. Kwa kuwa maandishi hughushiwa, kipimo cha ukinzani ndicho shahidi wa kuaminika: roli ya mita 100 ya kebo ya 25 haipaswi kuzidi omu 0.12 kwa kila waya, ikipimwa kwa kifaa maalumu cha ukinzani mdogo.

Kigezo cha tatu, ambacho ndicho huharibu kazi nyingi, ni viungo. Aluminiamu ikiguswa na hewa hufunikwa mara moja na utando mgumu wa oksidi usiopitisha umeme, na metali hiyo laini hujongea polepole inapobanwa, mpaka skrubu hulegea. Fundi hodari huusugua waya kwa brashi, huupaka grisi ya kuzuia oksidi, kisha hutumia kiunganishi chenye aluminiamu upande mmoja na shaba upande wa pili, kwa sababu metali hizo mbili zikisokotwa pamoja hulika kila unyevu unapoingia, hasa pwani penye chumvi. Viunganishi vya meno vinavyotoboa ganda huwa na bolti ambayo kichwa chake hukatika kinapofikia nguvu sahihi. Kichwa kilichobaki mahali pake ni dalili kwamba kazi haikukamilika.

Mkaguzi atazame pia klampu zinazobeba uzito wa kebo ili viungo visivutwe, aone kwamba kebo imeinuliwa vya kutosha juu ya njia ya magari, na kwamba ndani ya bodi ndogo nyutro na waya wa ardhi zimefungwa kwenye pau tofauti. Breka iliyoko bodi kuu nayo isizidi uwezo wa kebo.

Mwenye nyumba amtake fundi aandike hesabu ya upotevu wa volteji kabla kebo haijanunuliwa, na kazi yenyewe aikabidhi kwa fundi mwenye leseni ya EWURA nchini Tanzania au ya EPRA nchini Kenya.