Nachschlagen si kutafuta tu

Wenzetu wanaojifunza Kijerumani mu telefone, wakitumaini siku moja kwenda kusoma kule, wanakutana mapema na kitenzi nachschlagen. Mara nyingi wanakitafsiri kwa neno moja: kutafuta. Mimi ninaona tafsiri hiyo inapunguza kitenzi, na sisi wasomi inatupunguzia kitu pia.

Tukichambue. Nach ni «nyuma ya», ao kufuata. Schlagen ni kupiga. Kupiga kitabu? Sisi waswahili hatuna haki ya kushangaa: tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga kura, na hakuna anayeumia. Mjerumani akifungua kitabu anasema aufschlagen. Basi nachschlagen ni kufungua kitabu ukifuata jambo moja ambalo tayari uko nalo mu kichwa. Kitenzi hicho kiko na maana ingine: mtoto akiwa na tabia za baba yake, wanasema er schlägt seinem Vater nach. Sisi tunasema amemfuata baba yake. Pande zote mbili, kuna kufuata.

Kutafuta ni suchen. Unatafuta mbuzi aliyepotea, unatafuta kazi, unatafuta bibi. Anayetafuta hajui kitu kiko wapi, na pengine hatakipata. Anayefanya nachschlagen anajua kitabu gani afungue, anajua jibu limeandikwa mule. Kupekua nako hakufai, ju kunaleta picha ya kuku anayechakura. Kurejelea ni neno zuri la vitabuni, lakini linatuonyesha mtu anayerudi pahali alishapita. Huku Butembo na Beni watu wanasema tu: «Angaria mu dikisionere.» Kwangu hiyo njo tafsiri bora, ju inataja kitabu chenyewe.

Kwetu kazi hiyo iko na hatua moja zaidi. Krapf, mmisionere Mjerumani aliyeandika kamusi kubwa ya Kiswahili iliyotoka London mwaka 1882, alipanga maneno ya lugha ambayo inabadilika mbele, si nyuma tu. Ukitaka «tulivyoyaangalia», huendi kwenye herufi T. Unavua tu-, unavua -li-, unavua -vyo-, unavua -ya-, ndipo unafika kwenye angalia. Asiyejua sarufi anafunga kamusi na kusema neno halimo. Kumbe limo.

Kwa nini mwanafunzi wa kilimo anajisumbua na kitenzi cha Kijerumani? Ju ya migomba. Mkulima anakuambia: «Migomba yangu inanyauka.» Ukiandika «mnyauko wa migomba» mu telefone, umetafuta, na utapata mambo mengi yaliyochanganyika. Lakini kuna mnyauko wa bakteria, ule ulioonekana Masisi mwaka 2001, na kuna mnyauko wa fusari, ambao ni kuvu. Kitabu cha magonjwa ya mimea kinakuambia ukate. Kwa bakteria, usaha wa manjano unatoka kwenye shina, na ndizi zinaiva mbele ya wakati, ndani zimeoza. Kwa fusari, mishipa ya shina inakuwa kahawia ao nyekundu, lakini ndizi ndani kwa kawaida hazionyeshi kitu.

Ushauri nao unatofautiana. Bakteria inabebwa na panga na inaingia kupitia ua dume. Basi ua linavunjwa kwa mti wenye panda, panga inapitishwa kwenye moto, na shina lenye ugonjwa linakatwa chini. Kuvu inakaa mu udongo miaka mingi. Kuvunja ua hakutaisaidia kitu. Lazima kubadilisha aina ya mgomba ao kulima kitu kingine pale. Mkulima aliyepewa jibu la ugonjwa usio wake anapoteza shamba, na shamba hilo njo minerval ya watoto.

Kwa hiyo, mbele ya kusema «nimetafuta», tujiulize: nimefungua kitabu gani? Ukurasa gani? Nilikuwa ninafuata neno gani? Kama hatuna majibu, tumechakura tu kama kuku.

Nyinyi wenye Kinande cha wazee, munaita namna gani kitendo hicho cha kufungua kitabu ili kuhakikisha? Pengine neno tunalotaka liko nyumbani.