Ellie, Husnah na Bwawa Moja

Nyinyi wadogo mnaoogopa kina cha maji, hebu sikieni habari za Ellie Simmonds, mwogeleaji wa Uingereza. Alizaliwa mwaka 1994 akiwa na hali inayosababisha kimo kifupi, akaanza kuogelea akiwa na miaka 5, akanolewa katika klabu ya Boldmere, Sutton Coldfield, jijini Birmingham. Alipofika miaka 11 alihamia Swansea na mama yake kufuata kocha, baba akabaki nyumbani. Pongezi zangu za kwanza nawapa wazazi hao. Beijing 2008, akiwa na miaka 13, akatwaa dhahabu 2 za Paralimpiki, mita 100 na 400 mtindo huru. London 2012 akaongeza 2, Rio 2016 moja.

Kwetu yupo mwogeleaji Husnah Kukundakwe wa Uganda, aliyezaliwa bila sehemu ya chini ya mkono wa kulia. Katika Paralimpiki ya Tokyo alishiriki akiwa na miaka 14, mdogo kuliko wanamichezo wote. Mwaka 2022 akaenda Birmingham, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kule mbio za kuogelea za wenye ulemavu ziliwekwa katika ratiba ileile, bwawa lilelile waliloogelea waogeleaji wasio na ulemavu, akina Adam Peaty. Waandaaji wa mashindano ya shule zetu, hilo mtaliiga lini?