Ngozi na Maji ya Ozi

Kau iko ukingoni mwa mto Ozi, juu kidogo ya Kipini. Katika karne ya 19 ilikuwa bandari ya mtoni, na mifugo ya Waorma na pembe za ndovu zilipitia hapa zikielekea Lamu. Karne hiyohiyo mfereji wa Belezoni uliuunganisha mto Tana na Ozi, ndiyo maana leo Tana humalizia safari yake Kipini. Palipo na ng'ombe ngozi haikosekani, na pwani hii imeijua ngozi zamani: Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilitajika kwa makubadhi, mikanda na majalada ya misahafu.

Sifa huwaendea wanaoshona. Nami nawasifu, lakini moyo wangu uko kwa wanaotunza, kwa maana katika hewa ya Kau mkoba wa ngozi usiotunzwa haufiki mbali, hata ukishonwa na fundi hodari namna gani.

Ngozi mbichi huoza. Kinachoizuia ni dawa ya kudabaghi, na dawa hiyo haiko mbali na mwambao huu: magome ya mkandaa, mmoja wa mikoko, yana tanini nyingi, nayo hushikamana na nyuzi za ngozi hata vijidudu vikashindwa kuzila. Lakini baada ya hapo ngozi bado inategemea mafuta yaliyo ndani yake. Yakikauka, nyuzi husuguana, na mkoba hupasuka pale unapokunjwa kila siku, hasa kwenye kifuniko na kwenye mzizi wa mkanda.

Adui mkubwa wa huku ni chumvi. Mto unapopungua, bahari hupanda Ozi, na wakulima wa mpunga wanaijua shida hiyo vizuri kuliko mtu yeyote. Mkoba uliorushiwa maji ya chumvi mashuani huonekana umekauka, kumbe chumvi imebaki ndani ikivuta unyevu wa hewa, na baada ya siku chache madoa meupe huchomoza juu. Ufutwe mapema kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa sana, uso mzima na si doa peke yake, la sivyo utabaki na mpaka wa rangi. Kisha uanikwe kivulini penye upepo. Juani haufai hata kidogo: ngozi iliyolowa ikipigwa na jua la mchana hukakamaa kama papa aliyeanikwa.

Mafuta yaje baadaye, ngozi ikishakauka kabisa, na yawe kidogo. Hapa ndipo mkono wa mtunzaji unapopimwa. Wengi hukimbilia mafuta ya nazi kwa kuwa yapo jikoni. Hulainisha kweli, ila huitia ngozi weusi, na yakizidi huilegeza. Samli huchacha na kunuka. Mimi napendelea nta ya nyuki iliyoyeyushwa taratibu na mafuta kidogo. Ijaribu kwanza chini ya mkoba, mahali pasipoonekana, usubiri hadi kesho yake, ndipo uipake kwenye mkoba mzima kwa vidole, kwani joto la vidole huipenyeza nta kuliko brashi.

Masika yakiingia, kuvu hufuata. Hewa inapopita unyevu wa asilimia 70 hivi, kuvu hupata makao, na ngozi iliyofungiwa kwenye mfuko wa plastiki ndiyo inayoliwa kwanza. Mkoba ujazwe kanga kuukuu ili usipoteze umbo, ufunikwe kwa kitambaa cha pamba, utundikwe penye hewa. Ukiota kuvu, utoe nje ya nyumba kabla ya kuifuta, usije ukaipandikiza kabatini.

Bizimu nayo ina mambo yake: hula kutu kimyakimya na kuiachia ngozi doa la kahawia lisilotoka. Tone la mafuta kwenye ulimi wake latosha.

Na uzi ukikatika, mpelekee fundi viatu siku hiyohiyo, umwangalie anavyoanza. Fundi mzuri hatoboi tundu jipya. Huutoa uzi mkuukuu taratibu, huutia nta uzi mpya, kisha msharasi wake hupita katika matundu yaleyale aliyoyatoboa mshonaji wa kwanza, moja baada ya jingine, akivuta kwa nguvu ileile hadi mwisho wa mshono.